Mgeni Njoo, Shule Ipone

Kila mwaka, matokeo ya mitihani yakisha kutangazwa, na furaha na majonzi yakisha kugawanyika kwa wenyewe, huanza msimu wa safari ambazo wenye shule huziita ziara za kujifunza: walimu hukodi basi, huvaa nguo zao za sikukuu, hukata masafa ya wilaya mbili au tatu, wakaenda wakashuka katika uwanja wa shule ambayo mwaka ule jina lake limetajwa kwa sifa. Hapo hupokewa kwa nyimbo na taadhima, hutia saini katika kitabu cha wageni, husomewa taarifa iliyopigwa chapa vizuri, hutembezwa maktaba, maabara na bustani, hula wali kwa nyama, hupigwa picha, na jua likielekea kutua hupanda basi lao wakarejea wakiimba. Mimi nimekwenda safari za namna hiyo mara nyingi katika umri wangu wa ualimu, na sikumbuki hata moja iliyonifanya, siku ya pili yake, nifundishe kinyume cha nilivyofundisha siku iliyotangulia.

Sisemi haya kwa kuubeza ukarimu wa wenyeji wetu, maana mtu mwenye insafu hali wali wa watu kisha akautia kasoro. Nasema kwa sababu naona tumekwenda mbali kutazama kitu ambacho hakitazamiki. Wahenga waliosema usione vyaelea, vimeundwa, walikuwa watu wa pwani waliojua kwamba asimamaye ufukweni akakiona chombo kikipasua mawimbi huliona tanga lililojaa upepo, ilhali mkuku, mataruma na kalafati iliyoyazuia maji yasiingie hayaoni, kwa kuwa yamo ndani na chini. Shule iliyoongoza mtihani ni jahazi lililokwisha kushushwa majini, na mgeni wa siku moja huvutiwa na tanga.

Ndiyo sababu tunayorejea nayo aghalabu huwa mambo ya nje: maneno ya kutia moyo yaliyopakwa rangi ukutani, mtihani wa kila Jumamosi, makambi ya watahiniwa wa darasa la saba na kidato cha nne, na kengele iliyosogezwa nyuma mpaka ikawa yalia kabla ya adhana ya alfajiri. Shule tuliyoizuru pengine huwachagua wanafunzi wake kwa mtihani wa kuingilia, ina walimu wa kutosha kwa kila somo, na wazazi wake wana uwezo wa kulipa kila kilichopungua. Sisi twaichukua kengele yake na kuiacha sababu yake, kisha twashangaa kwamba watoto wetu wanasinzia saa nne ya asubuhi.

Mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania, lilipokuwa likitangaza matokeo ya kidato cha nne, liliacha desturi yake ya kuzitaja shule 10 bora. Wako waliolalamika kuwa wamenyimwa fakhari yao, na mimi sikutaka kushindana nao. Niliona tu kwamba, maadamu hatuna tena orodha ya kutuonyesha pa kukodia basi, huenda tukageuza nyuso zetu tukaitazama shule iliyo ng'ambo ya kijito chetu, ambayo tunaipita kila siku ya gulio na hatujapata kuingia ndani yake.

Shule iliyonifunza kuliko zote ilikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kwetu, nami sikwenda huko kujifunza. Nilikuwa kijana, mwalimu wa darasa la nne, na Mwalimu Mkuu alinituma kupeleka barua iliyohusu mechi ya mpira baina ya watoto wao na wetu. Nilipokwisha kuikabidhi barua, mvua ya masika ilishuka kwa kishindo, ikanizuia kurudi, na mwalimu mmoja wa kike, mtu mzima wa makamo ya mama yangu, akaniambia niingie darasani kwake nikae nyuma mpaka itulie. Vitabu vya watoto wale vilikuwa vimechakaa kiasi cha kunitia huruma: vimevikwa majalada ya karatasi ya mifuko ya saruji, migongo yake imeshonwa kwa uzi wa gunia, na pembe za kurasa zimegeuka mviringo kwa kufunuliwa. Nilijisemea moyoni, kwa ghururi ya ujana, kwamba sisi tu matajiri, kwa kuwa kwetu vitabu hivyo hivyo vilikuwa vipya kabisa, vimo katika maboksi yake, katika stoo, chini ya ufunguo wa Mwalimu Mkuu, ili mkaguzi akija avikute vizima.

Mvua ilipozidi kupiga mabati hata sauti ya mwalimu haikusikika tena, nilitazamia asimamishe somo, kama ambavyo mimi ningalifanya. Hakusimamisha. Alipiga makofi mara mbili, na watoto, kwa namna iliyobainisha kuwa wamezoea, wakageukiana wawili wawili. Mmoja akafungua kitabu akamsomea mwenziwe sikioni, kidole kikifuata mstari, na akikosea mwenziwe akimgusa mkono. Walipofika mwisho wa ukurasa wakabadilishana. Kwa nusu saa, huku radi ikinguruma, watoto wapatao sitini walisoma wote, nami katika darasa langu, siku ya jua na utulivu, nilikuwa nikimsomesha mmoja na wengine wote wakimsikiliza au wakijifanya kumsikiliza.

Mvua ilipokatika nilimsifu kwa yale niliyoyaona, nikamwambia kuwa vitabu vyake vinasikitisha. Akacheka. “Mwanangu,” akasema, “kitabu kisichochakaa hakijasomwa. Vyenu vikoje?” Sikuthubutu kumjibu.

Nilirejea nikauomba ufunguo wa stoo, nikakemewa. Nikaomba tena, nikapewa boksi moja kwa masharti mengi. Katika miezi miwili vitabu 11 vilipasuka majalada, nami nikaitwa ofisini kujieleza, na sikuwa na la kujieleza isipokuwa kwamba nimenunua sindano na uzi wa gunia. Hayo ndiyo niliyoyaleta kutoka safari ile: sindano, uzi, na desturi ya watoto wawili wawili, na hayo matatu nimekuwa nayo mpaka siku niliyostaafu.

Lakini kisa hakikuishia hapo, na sehemu yake iliyobaki ndiyo iliyonifanya nikaandika makala haya. Nilipokuwa nikiaga, mwalimu yule aliniuliza nimeona kasoro gani kwake. Nikasema, kwa adabu ya mgeni, kwamba sikuona hata moja. Akakunja uso akasema: “Mgeni ana macho ya siku moja tu, kesho yatakuwa kama yangu, hayaoni. Sema, mwanangu, usinidhulumu.” Basi nikamwambia kuwa kabla ya mvua kuzidi nilimhesabia maswali 14 aliyoyauliza darasa, na hata moja halikumwendea mtoto aliyeketi upande wa dirisha, mkono wake wa kushoto. Alinyamaza kitambo, kisha akasema taratibu, kama asemaye peke yake, kwamba sikio lake la kushoto lina uzito tangu utoto, na pengine uso umekuwa ukilifuata sikio zima miaka yote hiyo bila ya yeye kujua.

Tangu siku ile nimeifahamu methali ya mgeni njoo, mwenyeji apone, ambayo nilikuwa nikiitamka toka utotoni kama watu watamkavyo salamu. Wengi huifasiri kuwa mgeni akija jikoni huchinjwa kuku, na wa nyumbani nao wakapata kitoweo, na tafsiri hiyo haina ubaya. Walakini iko maana nyingine, kwamba mwenyeji ana maradhi asiyoyaona kwa kuyazoea, na mgeni, kwa kutoyazoea tu, bila ya kuwa na ilimu kumshinda, huyaona. Shule inayozuru shule hupata faida moja, ya kuona. Shule inayozuriwa hupata faida kubwa zaidi, ya kuonwa. Na safari zetu za basi zimeipoteza hii ya pili kabisa, kwa kuwa shule maarufu inawapokea wageni kuja kuisifu, wala haiwaulizi kasoro, na lau ingewauliza, nani angethubutu kuitaja baada ya wali ule?

Jambo hili la kuzuru shule si geni katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1924 tume iliyotumwa na mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani ilizunguka Kenya, Uganda, Tanganyika na nchi nyingine ikizitazama shule zake. Mkuu wake alikuwa Thomas Jesse Jones, aliyepata kuwa mwalimu katika chuo cha Hampton, jimbo la Virginia, na miongoni mwa wajumbe alikuwamo Mwafrika mashuhuri, James Aggrey wa Gold Coast. Tume hiyo ilipita kwa haraka, na haikosi kuelezwa kwamba iliona Afrika kwa miwani iliyoletwa kutoka Hampton na chuo mwenziwe cha Tuskegee: ikasifu elimu ya jembe, ufundi na usafi iliyowafaa, kwa rai yake, watu weusi wa kusini mwa Marekani, ikashauri ya namna hiyo iwe huku pia. Waafrika wengi waliishuku nasaha hiyo, tena kwa haki, wakiona kuwa mkoloni anatafuta udhuru wa kuwanyima watoto wao elimu aliyompa mwanawe.

Walakini katika mizigo ya tume ile ilikuwamo johari moja ambayo haikutoka kwa wakubwa. Mwaka 1907 bibi mmoja wa Philadelphia, Anna Jeanes, alitoa dola milioni 1 kwa ajili ya shule ndogo za vijijini za watu weusi wa kusini. Na mwaka uliofuata mwalimu wa Virginia, Virginia Randolph, binti wa wazazi waliokuwa watumwa, akawa wa kwanza kulipwa kutoka fungu hilo ili azizungukie shule za wilaya ya Henrico, 23 kwa idadi, akifundisha pamoja na walimu wake, akichukua zuri la shule hii na kulipeleka shule ile. Kwa jina la bibi yule kilifunguliwa mwaka 1925 chuo cha Jeanes huko Kabete, karibu na Nairobi, ambako walimu wa Kiafrika waliletwa pamoja na wake zao kufundishwa, kisha wakarudi makwao kuwa walimu wazuruji, kila mmoja na shule zake kadhaa za kijijini. Chuo chenyewe kilibadilika mara kadhaa, na mwaka 1961 mahali pake pakawa Chuo cha Utawala cha Kenya, hata leo wengi wanaopita Kabete hawajui kuwa pale palianzia huku kwetu kazi ya mwalimu wa kutembea.

Siasa iliyokianzisha chuo kile ilikuwa ya zama zake, wala sioni sababu ya kuitetea. Ninalolisimamia ni tofauti baina ya wageni wawili: mjumbe wa tume alipita mara moja, akaandika, akaenda zake, mwalimu mzuruji alirudi. Aliyepita mara moja aliona alichokuja nacho. Aliyerudi mara ya pili na ya tatu alilazimika kuyaona yaliyopo, kwa kuwa alikuta nasaha yake ya kwanza imeshindwa au imefaulu, na watu wanamtazama usoni.

Nao watu wa pwani hawakuhitaji Virginia kuwafunza haya. Kusafiri kwa kutafuta ilimu ni sunna ya zamani kwao: kijana alitoka kwao na barua ya mwalimu wake, akaenda Lamu, au Unguja, au akavuka bahari mpaka Hadhramaut, akaketi katika darsa ya shehe mwingine, si kwa siku moja bali kwa miezi na miaka. Riyadha ya Lamu, msikiti na chuo cha dini, iliyoasisiwa na Habib Swaleh aliyetoka Ngazija, ilijengeka kwa watu wa namna hiyo, waliokuja kutoka pande nyingi za pwani, wakarudi makwao na vyuo vyao. Mgeni wa darsa hakutengewa kiti cha heshima. Aliketi mkekani pamoja na wanafunzi, akasikiliza kwanza, na zamu yake ya kusoma ilipofika alisoma mbele ya wote, akasahihishwa mbele ya wote. Aibu ya kusahihishwa ilikuwa ndiyo ada ya kuingilia.

Wajapani nao wana desturi waiitayo jugyo kenkyu, yaani uchunguzi wa somo, ambayo asili yake ni karne ya 19: walimu hulitunga somo kwa pamoja, mmoja wao hulifundisha darasani kwake, na wenziwe, pengine na wa shule nyingine, husimama kando wakiwatazama watoto, nani amefahamu na nani amekwama na wapi, kisha huketi wakalijadili somo, wala si mtu. Hilo la mwisho ni busara kubwa, kwa kuwa linampa mwalimu nafasi ya kuonwa pasipo kuvunjiwa murua wake.

Sisi tuna nini? Tuna mashindano ambayo kila mwaka hukutanisha maelfu ya watoto wa Tanzania, UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, na katika jina la kwanza neno taaluma limeandikwa kando ya neno michezo, ingawa mpira ndio uliochukua uwanja wote, na taaluma imekaa katika jina kama mgeni aliyesahauliwa barazani. Tuna pia utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, uitwao kwa ufupi MEWAKA, unaowataka walimu wakutane na kufunzana hapo hapo kazini. Nao ni utaratibu mwema, maadamu usigeuzwe kikao cha mahudhurio na muhtasari. Na tunaye mkaguzi, ambaye siku hizi Tanzania humwita mthibiti ubora wa shule. Kazi yake ni ya lazima, lakini ana fomu mkononi, na mbele ya fomu kila shule hufagia uwanja na kuficha udhaifu wake. Jirani hana fomu. Hawezi kumpandisha mtu cheo wala kumhamisha, na kwa hiyo mtu anaweza kumwonyesha palipovunjika.

Najua nitaulizwa nani atalishika darasa mwalimu akienda kuzuru, hasa tangu elimu bila ada ilipoanza Tanzania mwaka 2016 na madarasa kufurika. Swali hilo ni la haki, na jawabu lake ni katika methali nyingine ambayo kila mtoto anaijua, kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni apewe chaki. Walimu wawili wa shule jirani wabadilishane madarasa kwa asubuhi moja, huyu afundishe kwa yule na yule kwa huyu, na hapana mtoto atakayekaa bila ya mwalimu. Tena atakayefundisha watoto wa mwenziwe atajua katika kipindi kimoja yale ambayo taarifa ya ofisini haitamwambia kwa mwaka mzima, kama wanathubutu kuuliza, kama wanasoma au wamekariri, na kama mtoto wa dirishani amepata kuulizwa swali.

Nitaambiwa pia kwamba shule jirani ni dhaifu kuliko yetu, basi tutajifunza nini kwake? Mwenye kusema hivyo anadhani maarifa hushuka kama maji, toka juu kwenda chini tu. Mwalimu aliyenifunza mimi hakuwa na maktaba, wala maabara, wala nafasi katika orodha yoyote. Alikuwa na paa la bati, watoto sitini na mvua, yaani vitu vile vile nilivyokuwa navyo mimi, na kwa sababu hiyo hila yake ilinifaa kesho yake bila ya kuomba senti kwa mtu. Shule tajiri yatuonyesha tungalifanya nini lau tungalikuwa nacho. Shule iliyo sawa na sisi yatuonyesha tuliloweza kufanya jana tukaacha.

Basi, Mwalimu Mkuu usomaye haya, wa bara au wa visiwani, nakuomba jambo moja lisilohitaji kibali wala bajeti. Chagua shule iliyo karibu na yako kuliko zote, tena afadhali ile ambayo hujapata kuisifu. Mtume mwalimu wako mmoja huko Jumanne moja ya kawaida, kwa miguu, na swali moja tu mfukoni, nalo liwe swali linalomkera kweli. Na kabla hajaaga, amwambie mwenyeji wake kwa adabu jambo moja aliloliona. Jumanne inayofuata wakaribishe nao kwako. Usiwaandalie nyimbo. Watakapofika, usiwaonyeshe kitabu cha wageni. Waonyeshe ulipo ufunguo wa stoo.